Ekseli ya Kushushwa: Pima Njia ya Shamba Kabla Hujapenda Picha

Mmezoea hapa tuzungumze mbolea, mbegu na kantangaze. Leo tuzungumze gari, tena sehemu moja tu ya gari: ekseli ya mbele.

Sababu ni hii. Katika mizunguko yangu ya Donge, Kitope na Upenja nakutana na vijana wenye pesa ya mavuno mkononi na hamu moja. Wanataka kununua lori la zamani lililolala, Bedford au mfano wake, walifufue, walitie bodi jipya la mbao, walipige rangi nzuri, halafu walishushe pua kama yale malori ya Marekani wanayoyaona kwenye simu. Swali linakuja hivi: "Bwana shamba, ninunue ekseli ya kushuka inchi ngapi?"

Mimi si fundi gereji. Lakini njia za mashamba yenu nazijua, tungule zenu nazijua, na kupima kwa futi naweza. Kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema. Gari inayoingia shamba isishushwe zaidi ya inchi 2, na ikiwezekana isishushwe kabisa. Gari ya kuuzia mjini, isiyotoka kwenye lami, inaweza kushushwa inchi 3 au 4, kwa masharti nitakayoyataja. Anayetaka gari moja ifanye kazi zote mbili, atapata gari mbovu ya shamba na gari mbovu ya mjini.

Hiyo ekseli ni kitu gani hasa

Malori ya zamani yana ekseli ya mbele ya chuma kimoja kizito, kirefu kutoka gurudumu mpaka gurudumu. Ukikikata na kukitazama ubavu, kina umbo la herufi I. Mafundi wanakiita bimu. Kila ncha ina tundu la kingpini, na hapo ndipo gurudumu linapogeukia. Springi zinakaa juu ya bimu, na chesisi inakaa juu ya springi.

Ekseli ya kushushwa ni bimu hiyo hiyo, ila ncha zake zimepinda juu zaidi. Magurudumu yanabaki chini yalipo, ncha zinabaki na magurudumu, lakini katikati ya bimu pamoja na springi na chesisi vinashuka. Inchi ninazozitaja hapa ni kiasi ambacho gari inashuka kuliko ilivyokuwa na ekseli yake ya asili.

Mtindo huu ulipata jina California, miaka ya 1930 na 1940. Vijana wa kule walikuwa wanachukua Ford kuukuu, wanapasha moto ncha za ekseli na kuzivuta zipinde. Ed Stewart wa San Diego alijulikana sana kwa kazi hiyo. Na walikuwa wanakimbiza magari yao wapi? Kwenye maziwa yaliyokauka, kama Muroc, ardhi bapa kama sakafu ya msikiti. Hilo liwekeni akilini, maana ekseli hii ilizaliwa kwenye ardhi isiyo na jiwe. Sisi tunataka kuipeleka maweni.

Si kila gari inaikubali

Kabla ya kuuliza inchi, uliza kama gari yako ina bimu. Wapo wanaotafuta ekseli ya gari ambayo haina kitu hicho kabisa.

Bedford za Uingereza, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1931 na hizo za pua ndefu zilizotoka 1958, zina bimu. Pikapu za Ford za Marekani za mtindo wa zamani zina bimu hadi 1964. Mwaka 1965 Ford akaleta mpango mwengine wa bimu mbili. Chevrolet aliiacha kwenye pikapu zake mwaka 1960. Ndiyo maana picha nyingi mnazozipenda ni za gari za kabla ya miaka hiyo.

Land Rover za zamani zenye kuvuta kwa magurudumu manne ni hadithi nyengine. Mbele kuna ekseli yenye difu na shafti ndani, huwezi kuikunja wala kuibadilisha kwa bimu ukabaki na nguvu ya mbele. Na kirikuu, Suzuki Carry, haina bimu mbele. Kila gurudumu lina springi yake ya kuzunguka na shokapu yake. Anayekwambia atakushushia "ekseli" ya kirikuu, anachokusudia ni kukata springi. Kimbia.

Hesabu ya sentimita

Hapa ndipo msimamo wangu unapotoka, kwa hiyo twendeni polepole.

Tuseme lori lako dogo lina tairi za 7.50-16. Likiwa na mzigo, katikati ya gurudumu iko kama sentimita 38 kutoka ardhini. Tuseme chini ya bimu, pale katikati, kuna sentimita 20. Sasa fundi akakutilia ekseli ya inchi 4. Inchi 4 ni sentimita 10. Zilizobaki ni sentimita 10.

Sentimita 10 ni nini? Chukua nazi iliyofuliwa, iweke chini. Bimu yako haipiti juu yake. Sasa niambie wewe unayelima tikiti upande wa maweni, njia yako ya mwisho kutoka lami mpaka kwenye shamba ina mawe makubwa kuliko nazi au haina? Na wewe wa bonde la Cheju, masika yakishika na magurudumu yakachimba mifereji, katikati panapobaki tuta la udongo, bimu itafanya nini? Italima. Umenunua jembe la kukokotwa kwa bei ya ekseli.

Kuna kipimo cha pili, na hiki ni cha roho zenu. Waundaji wa gari za zamani wana kanuni moja: kusiwe na kitu chochote kilicho chini kuliko ukingo wa rimu. Sababu ni kwamba tairi ikipasuka, gari inakaa juu ya rimu. Kama bimu au fimbo ya usukani iko chini kuliko rimu, itagusa barabara kwanza, itakwama au itavunjika, na usukani hauko tena mikononi mwako. Sisi Unguja, matumbawe yanavyokata tairi, kanuni hii inatuhusu zaidi kuliko mtu wa California.

Kwenye mfano wetu, rimu ya inchi 16 ukingo wake wa chini uko kama sentimita 15 kutoka ardhini. Bimu ya kawaida iko 20, kwa hiyo iko salama juu ya mstari. Ukishusha inchi 2, ambazo ni sentimita 5, bimu iko 15, sawasawa na mstari. Ukishusha inchi 4, bimu iko sentimita 5 chini ya mstari. Hapo ndipo nilipoipata ile inchi 2 yangu. Gari yako inaweza kuwa na vipimo tofauti, na ndiyo maana nasema pima yako, usichukue yangu.

Njia ya mkato ya springi

Mwengine atasema, "Basi sitanunua ekseli, nitapunguza springi tu." Zile springi bapa zilizopangwa moja juu ya nyengine, anatoa mbili tatu, gari inashuka bure. Ni kweli bimu inabaki juu kama zamani. Lakini umepunguza nguvu ya kubeba, na umepunguza nafasi ya gari kupanda na kushuka. Ukikutana na tuta, chesisi inagonga bimu, na kishindo chote kinaingia kwenye mzigo.

Mzigo wenyewe ni nini? Tungule. Tuseme umepakia kreti 40 za kilo 25, tani moja. Kila safari kreti mbili za chini zinafika zimebondeka. Ukienda mjini mara tatu kwa wiki, ni kreti sita, kilo 150. Mnunuzi wa hoteli Nungwi au Paje hazichukui hizo, na Darajani utaziuza kwa bei ya kutupa. Nimewahubiria miaka yote kuhusu kuvuna tungule ikiwa imeanza tu kuiva, kuiweka kivulini, kutumia kreti badala ya tenga. Kazi yote hiyo inaharibikia kwenye springi.

Kwa hili naitetea ekseli ya kushushwa: ikiwa lazima gari ishuke, afadhali ishuke kwa ekseli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo kuliko kwa kuua springi. Kuchomelea vipande kwenye bimu ya zamani ili ncha zipande, hilo hata tusilizungumze. Bimu ya mbele ndiyo inayobeba gari wakati wa breki, uzito wote unakimbilia mbele. Palipochomelewa ovyo ndipo patakapokatika, tena siku umepakia na unateremka.

Unachotaka ni sakafu, si pua

Vijana wengine wana hoja nzuri. Wanasema gari ikiwa chini, kupakia ni rahisi, wachukuzi hawachoki. Sikatai. Lakini mzigo unapakiwa nyuma. Ukishusha mbele peke yake, sakafu ya nyuma iko pale pale, ila sasa gari imeinama. Kreti zinasukumana kuelekea kwenye kebini kila ukifunga breki. Maji ya mchicha uliorowanishwa yanakimbilia mbele na kuozesha mbao za bodi mahali ambapo hupaoni.

Kama shida yako ni urefu wa kupakia, tafuta lori lenye magurudumu madogo nyuma, yale mawili mawili, ambalo sakafu yake imetengenezwa chini tangu kiwandani. Au jenga jukwaa la udongo na mawe shambani, gari irudi nyuma mpaka hapo, sakafu na jukwaa vikae sawa. Jukwaa hilo ni kazi ya siku mbili na halihitaji spea.

Tazameni pia walivyofanya waliotutangulia. Zile gari za mbao za kwenda shamba, zenye paa na mabenchi ya ubavuni, za njia ya Nungwi, Makunduchi na Jambiani, watu ndani na magunia juu, mafundi wetu walizijenga juu ya chesisi ya lori bila kuishusha. Gari za ng'ombe nazo, ambazo nyingi zinaundwa kwa ekseli ya gari kuukuu, zinakaa juu. Waliozijenga walianza na njia na mzigo, sura ikafuata.

Usukani ndio mtego

Hili ni kwa wale watakaoendelea kununua. Ekseli ikishuka, kila kitu kilichofungwa kwayo kinabadilisha mahali. Fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu ilikuwa imelala karibu sawa na ardhi. Sasa imeinama. Matokeo yake, gurudumu likipanda tuta, fimbo inavuta na gari inajigeuza yenyewe bila wewe kugusa usukani. Dawa yake ni mikono ya usukani iliyotengenezwa kufuatana na ekseli hiyo, ili fimbo irudi kulala. Muuzaji atakuuzia ekseli peke yake ukitaka. Usikubali.

Halafu kuna mtego wetu sisi. Vifaa vingi vya ekseli hizi vinatengenezwa Marekani, ambako usukani uko kushoto. Gari zetu zina usukani kulia. Bimu yenyewe inaweza kukaa, maana pande zake zinafanana. Mikono ya usukani na fimbo havifanani. Ukiagiza bila kusema, mzigo utafika bandarini Malindi, utalipia ushuru, halafu fundi atakwambia mkono uko upande usiofaa. Na fundi asiyependa kupoteza kazi ataupasha moto aupinde. Mkono wa usukani haupashwi moto kienyeji. Chuma kile kilipewa ugumu wake kiwandani, ukikichoma ovyo ugumu unaondoka, na sura ya nje haitakwambia chochote.

Jambo la mwisho kwenye usukani ni ulalo wa kingpini. Inatakiwa ilale nyuma digrii chache, ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Ukifunga ekseli vibaya ulalo unapotea, gari inatangatanga barabarani. Fundi anausawazisha kwa kabari zinazokaa kati ya springi na bimu. Kama kingpini na bushi zimeshalika, hata ekseli ya dhahabu haitasaidia, usukani utatetemeka mpaka meno yagongane. Badilisha kingpini kwanza, ndipo ufikirie sura.

Kwa nini siwakatazi kabisa

Msije mkasema bwana shamba hataki mambo ya vijana. Gari nzuri ya zamani ni biashara, tena kwa Zanzibar hasa. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na wageni wanakuja kuangalia vya zamani. Bedford iliyong'arishwa, bodi la mbao lililochongwa vizuri, imeegeshwa mahali panaporuhusiwa, inauza juisi ya miwa, madafu, mananasi yaliyomenywa, viungo vya Kizimbani vilivyofungwa vizuri: hiyo ni duka na ni tangazo. Mteja anapiga picha, jina la shamba lako linasafiri bure.

Gari hiyo mzigo wake ni mwepesi, njia yake ni lami, mwendo wake ni wa polepole. Hata hivyo haiingii kwenye vichochoro, huko kazi ni ya mkokoteni. Hapo ekseli ya inchi 3 au 4 sina ugomvi nayo, mradi iwe imefuliwa kiwandani kwa kipande kimoja, iandikwe uzito inaobeba, na kile kipimo cha rimu ukifaulu kwa tairi na rimu utakazotumia. Ukishindwa kipimo, punguza inchi.

Ila ije ya pili. Gari ya kwanza ni ile inayokutolea mazao shambani siku yoyote, mvua au jua. Ikishajilipa, ndipo ujenge ya kupendeza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wakulima wa biashara tunanunua kilichomo ndani.

Kabla hujatoa pesa

Nenda shambani na futi, uzi na fundi wako. Fungeni uzi kutoka ukingo wa chini wa rimu moja mpaka rimu ya pili, gari ikiwa imepakiwa. Pima kutoka kwenye uzi mpaka chini ya bimu na chini ya fimbo ya usukani. Nafasi hiyo ndiyo kiwango chako cha juu cha kushusha. Kama ni sentimita 5, muuzaji wa inchi 4 hana bidhaa yako.

Halafu tembea kwa miguu kutoka lami mpaka mahali unapopakia. Pima jiwe refu kuliko yote na mfereji wenye kina kuliko yote. Fanya hivyo baada ya mvua.

Ukiagiza, peleka vipimo hivi: umbali kati ya kingpini na kingpini, umbali kati ya springi na springi, upana wa springi, unene wa kingpini, na uzito wa mbele gari ikiwa imejaa. Andika wazi kwamba usukani uko kulia. Waulize wakaguzi wa gari na watu wako wa bima kabla ya kukata chochote, maana bima inayokukimbia siku ya ajali haikuwa bima.

Mwisho, gawa ile bajeti ya ekseli kwa bei ya kreti za plastiki, uone ungepata kreti ngapi. Gawa tena kwa bei ya lori moja la kifusi cha kutengenezea ile njia ya mwisho ya shamba. Kwa wengi wenu, pesa hiyo ikimwagwa njiani kama kifusi itashusha gharama kuliko ikifungwa chini ya gari. Na njia ikishatengenezwa, rudini mpime tena. Huenda ile inchi 2 mkaipata bila shida.